Vumbi la Karakana, Redio na Afya ya Nyumba

Kisiwa cha Rukuba kimo katika Ziwa Victoria, kata ya Etaro, Musoma Vijijini. Kazi kubwa ya wakazi wake ni uvuvi, na uvuvi huzaa kazi nyingine nyingi. Kuna wanaounda mitumbwi na kuitia kalafati, wanaochonga makasia, wanaotengeneza injini, wanaoshona nyavu na wanaoanika dagaa. Kazi hizi, kisiwani na katika vijiji vya pwani ya ziwa, mara nyingi hufanyika nyumbani, katika banda lililoegemea ukuta wa nyumba. Hapo ndipo baba anaporandia mbao na kijana anapofungua injini, na hapo hapo watoto hucheza na chakula cha mchana huliwa.

Na karibu kila banda la namna hiyo lina redio. Zamani ilikuwa redio ya mbao ya betri, kisha ikaja redio kaseti, na sasa ni sabufa yenye spika mbili au tatu, inayopokea kadi na flashi, ikitumia umeme wa jua. Chombo hicho hukaa juu ya benchi la kazi, katikati ya maranda na vumbi. Baada ya miezi michache sauti huanza kukwaruza, spika moja hunyamaza, na mwisho chombo chote huzima. Hapo huanza maneno ndani ya nyumba.

Mpenzi msomaji, labda unajiuliza: habari za redio zinamhusu nini mama wa nyumbani? Si kazi ya wanaume na mafundi? Sisi wauguzi na akina mama wa huduma ya kanisa, tunapotembelea nyumba, tumeona kwamba zinamhusu sana. Kwanza, fedha inayonunua sabufa mpya kila mwaka ndiyo fedha ya sare za shule na ya mboga. Pili, redio hutuletea mambo ya lazima: taarifa za chanjo, matangazo ya vifo, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu upepo mkali na mawimbi ziwani. Sisi wa kanda ya ziwa hatujasahau Mei 21, 1996, siku iliyozama MV Bukoba, na jinsi watu walivyokaa karibu na redio wakingoja habari za ndugu zao. Mke ambaye mumewe yuko majini usiku anajua thamani ya redio inayosikika vizuri. Tatu, na hili ndilo kubwa, vumbi linaloua redio halichagui. Linaingia katika spika, na linaingia katika vifua vya watoto.

VUMBI HUFANYA NINI NDANI YA CHOMBO?

Ukiielewa kazi ya vumbi, utajua namna ya kupambana nalo. Amplifaya, yaani sehemu inayokuza sauti, hupata joto inapofanya kazi. Ndani yake kuna bati nene lenye mabapa kama mbavu, nalo kazi yake ni kutoa joto hilo nje. Vumbi likijaa katikati ya mbavu hizo ni sawa na mtu aliyevishwa blanketi wakati ana homa. Joto halitoki, na vipande vidogo vya ndani huungua.

Vumbi pia hunyonya unyevu. Karibu na ziwa hewa ya usiku na ya alfajiri ina unyevu mwingi. Vumbi kavu halipitishi umeme kwa urahisi, lakini likilowa hupitisha, na umeme ukipita mahali pasipo njia yake, chombo hulia ovyo au huungua. Unyevu huo huo huleta kutu katika vigusio na mahali pa kuchomeka nyaya.

Ile sauti ya kukwaruza unapozungusha kitufe cha sauti husababishwa na vumbi lililoingia katika kitufe chenyewe. Katika redio kaseti, vumbi na masizi ya kanda hushika kwenye hedi, yaani kile kichwa cha chuma kinachosoma kanda, na kwenye kigurudumu cha mpira kinachoivuta. Hapo sauti huwa nzito na ya mbali, na mara nyingine kanda humezwa.

Vumbi baya kuliko yote kwa spika ni unga wa chuma. Nyuma ya kila spika kuna sumaku. Mtu anayenoa panga, anayekata chuma kwa msumeno au anayetumia grainda karibu na spika anailisha sumaku ile unga wa chuma, nao ukiingia katika nafasi nyembamba iliyo katikati, huukwaruza waya mwembamba wa spika mpaka ukatike. Unga huo ni vigumu sana kuutoa. Kinga yake ni moja tu: chuma kinolewe mbali na spika.

Tusisahau wale vijidudu vya ziwani ambao hupaa kwa wingi kama moshi. Usiku hufuata taa, na wakifa hulala chini kwa mafungu. Taa ikitundikwa juu ya redio, wataingia katika matundu yake. Basi taa iwe upande mmoja wa banda, redio upande mwingine.

MAHALI PA KUIWEKA

Dawa ya kwanza haihitaji fedha. Chombo kitolewe juu ya benchi la kazi. Nyumba moja tuliyoitembelea, ambayo baba wa nyumba huunda mitumbwi, ilikuwa na sabufa tatu zilizokufa, zimepangwa juu ya kabati kama ukumbusho. Ile ya nne haikufa. Kilichobadilika ni kwamba mama na mumewe walikaa chini wakakubaliana: sabufa yenyewe ikae ndani, sebuleni, juu ya rafu ya ukutani, na spika peke yake zitoke bandani kwa waya uliopitishwa katika tundu dogo la ukuta. Baba anapata muziki na habari zake akiwa kazini, na chombo chenye gharama kinakaa mahali safi. Spika ikiharibika, spika moja ni nafuu kuliko sabufa nzima.

Kama hilo haliwezekani, chagua ukuta ulio mbali na msumeno na randa, usiokabiliana na mlango unaoingiza upepo. Rafu iwe juu ya usawa wa kifua, kwa sababu vumbi zito hukaa chini, na watoto pia hawafiki. Acha nafasi ya upana wa kiganja nyuma, ubavuni na juu ya chombo ili hewa ipite. Usikiweke juani wala chini ya bati linalovuja.

KUFUNIKA NA KUFUNUA

Akina mama wengi hufunika redio kwa kitambaa kizuri cha kudarizi. Ni desturi njema, lakini ina hatari yake. Kitambaa kinachobaki juu ya chombo kinapopigwa huziba matundu ya joto. Kanuni ni hii: chombo kikizimwa na kupoa, kifunikwe, kikiwashwa, kifunuliwe kabisa. Shona mfuko wa kanga au kitenge kilichofumwa vizuri, unaoingia juu ya chombo mpaka chini. Nailoni haifai sana hapa kwetu, maana hufungia unyevu ndani. Mfuko ufuliwe kila wiki, ukaushwe, na ukung'utwe mbali na chombo.

Tena, kabla ya kufagia banda, zima chombo na ukifunike. Nyunyiza maji sakafuni ndipo ufagie. Ngoja vumbi litue, nusu saa hivi, kabla ya kufunua tena. Wengi hufagia huku redio inapiga, nayo huvuta vumbi lote hilo ndani, hasa ile yenye feni.

KUSAFISHA KWA SALAMA

Kabla ya kugusa chochote, toa plagi au ondoa nyaya za betri. Kuzima kwa kitufe peke yake hakutoshi.

Kila wiki: pangusa nje kwa kitambaa kikavu na laini. Tumia brashi mpya ya rangi, ile laini ya inchi moja, kusugua matundu ya hewa na nyuzi za kitambaa cha spika. Usitumie kitambaa chenye maji yanayodondoka, wala sabuni ya unga.

Kila mwezi: puliza matundu kwa pampu ya baiskeli, ukiwa nje ya nyumba, upepo ukitoka nyuma yako, na pua na mdomo umevifunika kwa kitambaa. Usipulize kwa mdomo, kwa maana mate huingia pamoja na pumzi. Usielekeze pampu kwenye karatasi ya spika kwa karibu, kwani hupasuka upesi. Chomoa na kuchomeka nyaya zote mara mbili tatu ili vigusio vijisugue. Kitufe kinachokwaruza kizungushe toka mwanzo hadi mwisho mara 20 chombo kikiwa kimezimwa. Mara nyingi hilo peke yake hutosha.

Kwa redio kaseti: chukua kijiti chenye pamba, kilowe kidogo kwa spiriti, ufute hedi na kile kijiti cha chuma kinachozunguka, mpaka pamba itoke nyeupe. Spiriti tunayotumia zahanati huwa na maji kiasi, kwa hiyo itumike kidogo, na chombo kisiwashwe mpaka kikauke kabisa. Spiriti hushika moto. Isikaribie jiko, kibatari wala sigara. Usitumie petroli au mafuta ya taa, maana huvimbisha mipira, wala mafuta ya kula, kwa sababu hugeuka kuwa gundi ya kushika vumbi.

Kwa wale walio na kanda za zamani za kwaya, au zenye sauti za wazee waliokwisha kulala, tunashauri zisikae bandani hata siku moja. Zihifadhiwe ndani ya visanduku vyake, zimesimama, mahali pakavu, mbali na sumaku ya spika. Fundi mzuri anaweza kuzinakili kwenye kadi. Afanye hivyo mapema, kwa kuwa kanda huchakaa hata kama haipigwi.

Kufungua chombo kinachotumia umeme mkubwa tusijaribu wenyewe. Ndani yake mna kapasita zinazohifadhi umeme hata baada ya kutoa plagi, nazo zaweza kumrusha mtu. Hiyo ni kazi ya fundi.

BETRI NA UMEME WA JUA

Redio nyingi zinazosemekana zimekufa kwa vumbi, kwa kweli zimekufa kwa umeme usio wake. Hapa hesabu ya darasa la tatu inatosha. Betri kavu moja ya kawaida ina volti 1.5. Redio ya betri nne hutaka volti 6. Ya betri sita, volti 9. Ya betri nane, volti 12. Betri ya gari na ya sola ni ya volti 12. Kwa hiyo redio ya betri nne ikiunganishwa moja kwa moja na betri ya sola inapewa chakula mara mbili ya tumbo lake. Soma kibandiko cha nyuma ya chombo, na hakikisha chanya imekwenda kwa chanya na hasi kwa hasi.

Usichanganye betri mpya na za zamani. Usizianike juani wala kuziweka karibu na moto ili zipate nguvu. Huvuja, nyingine hupasuka. Redio ikikaa bila kutumika, zitoe. Zikiwa zimevuja, usiguse uchafu ule kwa mikono mitupu. Vaa glavu au mfuko wa plastiki, sugua kwa mswaki mkavu, kisha nawa kwa sabuni.

Betri kubwa ya maji ina tindikali kali, na inapochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Ikae mahali penye hewa, mbali na moto, mbali na vitanda. Tindikali ikimrukia mtu, hasa machoni, mwoshe papo hapo kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 20, kisha mpeleke hospitali. Na jenereta isiwashwe kamwe ndani ya nyumba wala ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una hewa yenye sumu isiyo na harufu, inayoweza kuua watu wakiwa usingizini.

REDIO NI SHAHIDI

Sasa tunafika kwenye jambo lililotusukuma kuandika. Siku ile ya kusafisha kwa mara ya kwanza, weka gazeti chini ya chombo. Kisha mwite baba na watoto waone kilichotoka. Katika chombo kilichokaa miezi michache kwenye banda la seremala, si ajabu kupata kiganja kizima cha unga.

Jiulizeni pamoja: kama redio imemeza kiasi hiki, sisi tunaoshinda humu tumemeza kiasi gani? Redio tunaipuliza kwa pampu. Kifua cha mtoto tutakipuliza kwa nini? Mwili una njia zake za kujisafisha, kwa vinyweleo vya pua, makamasi na kikohozi, lakini vumbi likizidi njia hizo huelemewa. Vumbi la mbao huleta mafua yasiyokwisha, kikohozi na pumu. Tangu mwaka 1995, shirika la kimataifa linalochunguza kansa, IARC, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitishwa kuleta kansa kwa binadamu, hasa kansa ya ndani ya pua. Aliye katika hatari kubwa ni yule anayelivuta kwa miaka mingi, yaani mwenzio wa maisha.

Tumeona kwamba baba ambaye hakusikiliza mafundisho ya kliniki huyasikiliza ya sabufa yake. Akikubali kuihamisha sabufa, ni rahisi kukubali pia kuhamisha mkeka wa mtoto. Basi tumia nafasi hiyo kwa upole, bila lawama. Ombeni pamoja mambo haya: mbao zirandwe na kupigwa msasa nje, upepo ukielekea mbali na nyumba, sakafu inyunyizwe maji kabla ya kufagia, anayekata mbao ajifunike pua na mdomo, na kama barakoa ya vumbi inapatikana aivae, nguo za kazi zivuliwe kabla ya kumbeba mtoto, chakula kisiliwe bandani. Na mtu yeyote anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi asiseme ni vumbi tu. Aende kituo cha afya akapimwe kifua kikuu.

KIBETRI CHA RIMOTI

Kuna hatari nyingine ndogo kwa umbo. Zile rimoti nyembamba za sabufa zina kibetri bapa kama sarafu. Mtoto akikimeza kikakwama kooni, kinaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili tu. Dalili ni kutokwa udenda, kukohoa, kukataa kula, au maumivu ya kifua. Na mara nyingine hakuna dalili yoyote mwanzoni. Usimtapishe. Usingoje kitoke kwa haja kubwa. Mpeleke hospitali mara moja, na kwa aliye kisiwani maana yake ni kutafuta boti saa hiyo hiyo. Kama mtoto amepita umri wa mwaka mmoja, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12, mpe asali vijiko viwili vidogo kila baada ya dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara sita. Asali hupunguza kuungua, lakini haichukui nafasi ya hospitali. Usimpe chakula wala kinywaji kingine. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Kibetri kikiingia puani au sikioni nako ni haraka vile vile.

Kinga ni rahisi: funga kifuniko cha rimoti kwa utepe wa gundi, na vibetri vilivyokwisha vifungwe kwa utepe huo huo vikasubiri kutupwa mahali mtoto asipofika.

SAUTI NAYO IWE NA KIPIMO

Bandani kuna kelele za msumeno, na anayefanya kazi hupandisha redio ili imzidi msumeno. Masikio hayapati pumziko. Kipimo chepesi ni hiki: kama mtu aliye umbali wa mkono mmoja lazima apige kelele ili usikie, sauti imezidi. Uziwi unaoletwa na kelele haurudi nyuma. Sauti ikiwa ya kadiri, spika nazo huishi zaidi, maana spika nyingi hukatika kwa kupigwa mpaka mwisho wa kitufe. Jirani pia anabaki jirani.

TUNAPOHITAJI FUNDI

Usipeleke chombo kwa fundi ukisema tu kimekufa. Mweleze: kilianza kukwaruza, kikapata moto, kikazima, kilikuwa kwenye betri ya namna gani. Muulize bei kabla hajafungua, na umwombe akurudishie kipande alichokibadilisha. Wengine wamekatwa fedha ya kipande kipya hali kilichofanyika ni kupuliza vumbi tu. Kama kijana wako mwenyewe anajifunza ufundi huo nyumbani, mtie moyo, lakini ajue kwamba risasi ya kuunganishia nyaya mara nyingi ina madini ya sumu. Afanye kazi hiyo penye hewa, asile wala kunyonya vidole akiwa kazini, anawe mikono kwa sabuni, na meza yake isiwe meza ya chakula.

Akina mama wenzetu, mpangilio wote tuliouandika hapa unahitaji brashi moja, mfuko mmoja wa kitenge, pampu ya kuazima na nusu saa kwa mwezi. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Jumamosi moja ya mwezi huu, watoto wakiwa nyumbani, chagueni saa moja mtoe chombo nje, mtandike gazeti, mkisafishe pamoja. Kisha kabla ya kukirudisha, angalieni gazeti lile, na mwamue wapi redio itakaa na wapi mtoto atalala.